Dalili Alizoziona Mama Mkwe

Mume wangu Herman alifariki Jumatano, siku niliyomeza kidonge cha tano, ambacho kilikuwa cha mwisho. Duara, lile shimo wanalochimbia dhahabu, lilimfukia machimboni Runzewe. Jumatatu iliyofuata alikuwa aje nyumbani Tinde, maana daktari wa Shinyanga alikuwa ametuhesabia siku za kukutana. Tulikuwa tumetafuta mtoto kwa miaka sita.

Vile vidonge vya kupevusha mayai havikuniacha hata wakati wa msiba. Joto lilinipanda kutoka kifuani hadi usoni, nikatota jasho pale mkekani huku wenzangu wamejifunika khanga. Matiti yaliuma, tumbo likajaa. Nikisikia harufu ya mafuta yanayochemka, natapika. Sikujua kipi ni dawa na kipi ni kulia.

Mama yake Herman, ambaye nami nilimwita mayu kama alivyomwita yeye, aliniona. Akaanza kunichotea uji kabla ya wengine.

"Wifi," aliniambia Lusia, mdogo wake Herman, tukiosha vyombo, "huo mzigo umeuficha tangu lini?"

"Mzigo gani?"

"Ebu! Umetapika mpaka kuku wamekukimbia, halafu unaniuliza mzigo gani!"

Akacheka. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amecheka pale nyumbani.

Sikumsahihisha, nikaendelea kusuuza sahani. Herman hakuwa amelala nyumbani miezi miwili, na nilikuwa nimeona siku zangu kabla tu ya kuanza dawa. Nilijua hakuna kitu. Lakini nilikuwa nimechoka, na mayu alikuwa ameanza kula tena kwa kumtumaini mjukuu.

Siku ya kumi na tisa tangu msiba nilimsikia mayu akiwaambia wageni kwamba mwanawe ameacha mtoto. Walipoondoka nikamfuata jikoni.

"Mayu, sina mimba. Ni dawa za hospitali."

"Dawa gani ya kumtapisha mtu mzima wiki tatu?"

"Za kutafuta mtoto. Herman ndiye aliyekuwa akinipigia simu kunikumbusha nizimeze."

Alisonga ugali mpaka ukaungua chini.

"Kumbe mlikuwa mnatafuta," akasema. "Mimi nilidhani umekataa kumzalia. Nimekusema sana kwa majirani."

"Nilisikia, mayu."

"Ulisikia?"

"Ndiyo."

Aliipua sufuria, akakaa chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti. Nikakaa karibu naye.

Damu ilikuja Jumapili. Ndugu zangu walitaka kunichukua, mayu akakataa. Nimebaki Tinde, wiki hii tunapanda dengu, mimi na yeye.