Pingu Zilizotaka Kutajiwa Kosa

Usiku wa kuamkia leo niliota Koplo Mwasumbi amekuja kumkamata dada yangu Nyamizi, na pingu zikamgomea.

Kwanza nieleze kosa la dada. Mtaani kwetu, mtu akiomba mkopo, ofisa wa benki huja kupiga picha mali zake. Asiye na mali huazima. Kochi letu jekundu limeshakuwa mali ya watu wanne, na kila likirudi linanukia udi wa nyumba nyingine. Mwezi uliopita jirani yetu Lugendo aliliazima pamoja na friji, akapata milioni sita, akarudisha kochi, akarudisha friji, kisha akatoweka yeye.

Polisi walipoitazama picha ya benki wakaona kochi, na juu ya kochi dada, amekaa, anacheka. Jana jioni Koplo alipita dirishani akasema, "Lugendo asipoonekana, kesho nakubeba wewe." Dada ana mtoto wa miezi minne, Wande, ambaye hajui chakula kingine zaidi ya ziwa la mama. Nikalala na hilo kichwani.

Basi, ndotoni Koplo anaingia.

"Mama, twende."

"Kwa kosa gani, afande?"

"Utalijua mbele ya safari."

Anazitoa pingu mfukoni. Pingu zinakohoa.

"Samahani, Koplo," zinasema. "Hatujatajiwa kosa. Bila kosa hatufungi."

"Udanganyifu wa mkopo!"

"Hapo sawa. Nani kadanganya?"

"Lugendo."

"Tupeleke kwa Lugendo."

"Hayupo. Ndiyo maana nimemchukua huyu."

"Sisi si viatu vya mtumba, Koplo, kwamba yeyote tutakayemtosha avae."

Anazirudisha mfukoni kwa hasira. Ghafla tuko kituoni, ingawa hakuna aliyetembea. Kochi limekuja nasi na limekaa kwenye foleni. Kwa mbali namsikia Wande analia.

"Atakaa hapa hapa mpaka Lugendo ajilete," anasema Koplo. "Hata mwaka."

Hajafunga mdomo, wanaingia akina mama ishirini na wanne, wamevaa vitenge sare kama wa sendoff ya bibi harusi.

"Sisi ndio saa ishirini na nne," anasema aliyetangulia. "Mtu akishikwa tunaanza kutoka. Wa mwisho wetu akitoka, huyu naye anatoka kwenda kwa hakimu."

"Mko wengi, mtachelewa," anasema Koplo, anatabasamu.

"Nimeacha maharage jikoni, baba." Anatoka.

Anatoka wa pili. Anatoka wa tatu, anamsalimia dada. Wanatoka kama watu wanaowahi mvua, na Koplo anaanza kutoka jasho. Anabaki mmoja, mnene, ana pochi kwapani. Koplo anamzibia mlango.

"Mama yangu, kaa kidogo nikuagizie chai."

"Nimekunywa."

Anamsukuma kando kwa bega, anatoka. Ukuta wa kituo unaondoka naye, na sisi tuko mahakamani.

Hakimu ni friji letu. Anafungua mlango, baridi inatoka, wote tunasimama.

"Nani alisaini mkopo?"

"Lugendo, mheshimiwa," anasema Koplo.

"Nani alipokea fedha?"

"Lugendo."

"Na huyu mama?"

"Ana uhusiano na kochi."

Kochi linaomba kusema. "Mheshimiwa, mimi niliazimwa. Nilidhani ni maulidi."

Friji linanguruma kwa muda, linafikiri.

"Koplo, ukitaka kumuuliza, muulize. Ataandika anachokijua, kisha arudi kwake anyonyeshe. Mtu hashikwi kwa niaba ya mtu mwingine. Kesi imekwisha, nifungeni mlango."

Pingu zinajitoa mfukoni zenyewe. "Mheshimiwa, leo tumeitwa kazini na hatujafanya kazi. Tunaomba ruhusa."

"Mnayo."

Kacha! Mkono wa kulia wa Koplo.

"Kosa gani?" Koplo anapiga kelele.

"Kumshika mtu asiye na kosa badala ya mwenye kosa," zinasema pingu. "Umeona? Kutaja hakuchukui hata dakika."

Akina mama ishirini na wanne wanarudi kwa vigelegele, mnene mbele, kambeba Wande. Dada anacheza juu ya kochi, na kochi linamwambia acheze upande wenye spring nzima. Mimi nacheza mpaka naanguka.

Nimeangukia sakafuni chumbani kwangu. Kumekucha. Kuna hodi.

Ni Koplo Mwasumbi, amesimama nje ya mlango kistaarabu, mkono wa kulia mfukoni.

"Mama Wande, za asubuhi? Nimekuja kwa ajili ya udanganyifu wa mkopo wa Lugendo. Wewe si mtuhumiwa, ni shahidi. Nitakuuliza hapa hapa nyumbani, na ndugu yako akitaka kukaa nasi, akae." Alisema yote kwa pumzi moja, kama mtoto aliyekariri shairi.

Dada akanitazama, mimi nikatazama dari.

"Karibu kwenye kochi, afande."

"Nitasimama tu," akasema upesi.

Dada akaeleza huku Wande ananyonya. Ilipofika zamu ya kuandika, Koplo hakuwa na namna, akautoa mkono mfukoni. Kifundo kilikuwa na mstari mwekundu, umezunguka pande zote, mbichi.

"Afande, mkono umepatwa na nini?"

"Saa ilinibana."

Nikaangalia mkono wa kushoto, nao haukuwa na saa. Nikamletea kalamu.