Matete Yaliyobaki

Mama Matete alichota, akamwaga nje, akarudi, akachota tena. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya hayakuwa na budi kuzolewa. Yalikuwa yamejaa chumba cha mama mkwe wake hadi usawa wa kitanda, meusi, mazito kama uji uliochacha, na juu yake vilizunguka utumbo wa mbuzi, manyoya, na vile ambavyo kila mtu huviacha chooni na hapendi kuvitaja. Harufu yake ilikwisha kupita puani, ikakaa ulimini. Mama Matete aliegemea ukuta akatapika, kisha akachota na matapishi yake humohumo.

Mama mkwe alikuwa amepandishwa juu ya meza. Miguu yake ilining'inia, imepakwa uchafu hadi magotini.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," bibi huyo alisema, akikitazama kipande kimoja kikijizungusha taratibu mbele yake. "Hivi navyo, mwanangu, kaviunda nani?"

Siku nyingine Mama Matete angecheka. Leo alichota tena, maana jibu wote wawili walikuwa nalo.

Chini ya mtaa wao palikuwa na kinamasi. Watu walikiita shamba la mbu, wakakitupia kila walichokichoka. Yeye alikuwa akikata matete huko, akiyaanika uani, akiyafunga kwa kamba yawe mapazia na nyua. Jina lake alilipatia humo. Kila masika maji yaliporomoka kutoka mitaa ya juu, yenye lami na saruji kila mahali, yakaingia kwenye matete, yakatulia, yakanyweka. Hakuna aliyeyashukuru. Kisha akatokea tajiri aliyetaka kiwanja cha maghala, na malori yakaanza kushuka kukijaza kinamasi. Moja liliendeshwa na mumewe.

"Vifusi tu," mumewe alimwambia. "Mawe na mchanga."

Naye aliamini, au alitaka kuamini, kwa kuwa jiko lilikuwa linawaka kila jioni.

Sasa aliutazama utumbo ndani ya beseni. Mbuzi hachinjwi kwenye vifusi. Kinyaa kilimpanda upya, na safari hii hakikuwa cha maji. Alikumbuka mikono ya mumewe ikimega chakula, safi, ikinukia sabuni. Mtu yule hakuwahi hata kushuka kwenye lori. Alikuwa akivuta kishikio, tela likiinuka, mzigo ukiporomoka nyuma yake asipoona.

Mama Matete alichukua kitambaa na ndoo ya maji ya mvua amwoshe bibi miguu.

"Acha," bibi alisema. "Usiioshe. Mumeo aje aione."

Dereva alifika jua limekwisha kuchomoza na maji chumbani yameshuka hadi vifundoni, akitokea kwenye zamu ya usiku. Alisimama juu ya tofali mlangoni, shati limepigwa pasi, kiganja kimeziba pua.

"Poleni," alisema. "Nimesikia mtaa mzima umezama."

"Si mzima," mkewe alimjibu. "Kwa fundi cherehani maji yamefika kizingitini yakarudi. Yeye bado ana matete ubavuni mwa nyumba."



"Ingia, baba," mama yake alimwita. "Mbona umesimama kama mgeni? Si mzigo wako huu?"

Aliingia. Kiatu kilizama, akasita, kikazama na cha pili. Mkewe alimpa kitambaa. Alichuchumaa, akaushika mguu wa mama yake, na alipofika katikati ya vidole, mahali uchafu ulipokuwa umeganda, alitapika juu ya suruali yake. Bibi hakuuvuta mguu.

"Ulijua ni taka za machinjio?" Mama Matete alimwuliza.

"Nilikuwa nasikia harufu."

"Ukafanyaje?"

"Nilipandisha kioo."

Simu ililia mfukoni mwake. Alijifuta mkono, akapokea, akasikiliza. "Ndiyo, bosi," alisema. "Ndiyo. Limeshapakiwa?" Akakata. Hakumtazama yeyote. "Kimebaki kile kipande cha kwa fundi. Wanataka kifukiwe leo."

"Usiende," mkewe alisema.

"Nisipokwenda mimi ataenda mwingine."

"Basi na aende huyo mwingine. Mimi sitalala na wewe na hicho unachokibeba."

Mumewe alimaliza kuosha mguu wa pili, akaukausha kwa shati lake, akatoka.

Mama Matete alimshusha bibi kwenye kiti cha jirani, mahali pakavu, akachukua mundu wake, akateremka bondeni. Kipande kile cha kwa fundi kilikuwa kidogo, kama uwanja wa nyumba mbili. Mguu wake uliingia kwenye maji, akashangaa: yalikuwa baridi, na aliviona vidole vyake. Aliinama, akakata karibu na shina kama alivyozoea, akiacha mizizi ichipue.

Nyuma yake lori la mumewe lilisikika likirudi kinyumenyume, king'ora chake kikilia. Kikanyamaza. Hakugeuka. Alishika fungu jingine, akalikata, akaliweka kando. Injini iliendelea kunguruma pale pale, tela likiwa bado limelala, na inzi wakaanza kushuka kutoka juu ya mzigo, mmojammoja, wakitua kwenye ncha za matete.