Hewa ya Mtu wa Pili

Ijumaa tarehe ishirini na sita Aprili 1996, saa tano asubuhi, ndipo mambo yalipobadilika, mvua ilikuwa imekatika, mwuguzi akaja mlangoni mwa wodi akaniita, mume wangu hapumui tena, na tangu siku ile kila nikifungua kibanda hiki cha video nawasha mchezo wa televisheni, nauchagua mstari wa chini, mstari wa watu wawili, sijui kwa nini nauchagua... najua, najua sana... na roboti inatokea upande wa kushoto na mtu wa nguo nyeupe anatokea upande wa kulia, mchanga mwekundu mbele yao, nyota juu yao, na mimi ndiye roboti, siku zote nimekuwa roboti, na yule mtu aliyekuwa akimchezesha ni Romano, mume wangu, na sasa kishikio chake cha kuchezea kimelala juu ya benchi na waya wake, hakuna mkono juu yake, basi mtu anasimama palepale alipotokea, hatembei, hageuki, na roboti ikifika ukingoni mwa kioo inakwama, inapiga miguu mahali pamoja, maana mchezo huu haukubali mmoja amwache mwenzake, picha haisogei mpaka wote wawili wasogee, kwa hiyo naenda mpaka ukingoni, narudi, naenda, narudi, "Shemeji," anasema Adrabo, na mimi nasema mm, bila kumtazama, ameketi benchi moja na mimi na kile kishikio kiko katikati yetu, ni mdogo wake Romano, ametoka Omugo asubuhi kwa baiskeli na vumbi la njiani bado liko kwenye nyusi zake, wazee wa ukoo wamemtuma aje achukue jibu langu, leo, si siku nyingine, kama nakubali anirithi niwe mke wake wa pili, Santa akiwa wa kwanza, na kibanda kibaki mikononi mwangu, au kama nakataa, na televisheni na jenereta na mchezo huu virudi Omugo kwa ukoo, na mimi nirudi kwetu Lobule nikalime... "Shemeji, mimi naongea, wewe nasikia?" "Nasikia, Adrabo, ngoja kidogo, hewa yake inaisha," na ni kweli inaisha, vile vijiti vya kijani juu ya kichwa cha mtu vinapungua kimoja kimoja, kwa sababu katika nchi ile hakuna hewa, mtu anavuta ile aliyobeba mgongoni tu, ikiisha anapiga magoti, halafu analala kifudifudi, nimeona hivyo kwa watu wengine wanaolipa kucheza, mimi kwangu sijaiacha ifike huko, namkimbilia, nasimama karibu naye, nakandamiza kitufe chekundu, na kifua cha roboti kinafunguka na vijiti vinapanda tena, haya, pumua, pumua baba... na taa iliyo kichwani mwa roboti inafifia kidogo, kila ninapompa yeye hewa mimi napungukiwa na mwanga, halafu inanibidi nisimame juani nijae tena, na jua la mle ndani linakwenda haraka, "Mama Video!" anaita Onzima kutoka benchi la nyuma, mfanyabiashara wa samaki wakavu, huja kabla ya filamu ili akae karibu na feni, anatafuna karanga, "Mama Video, hii mutu ya wewe iko na mshahara? Nasimama tu kama polisi ya barabara!" na anacheka peke yake, na mimi natabasamu kwa ajili ya adabu, maana Onzima ni mteja, na alikuja matangani akalala nje pamoja na wanaume mpaka mwisho, sitasahau... Romano angemjibu, Romano alikuwa na jibu kwa kila mtu, kaseti ya mchezo huu aliinunua kule Ariwara, ng'ambo ya mpaka, maandishi yake yote ni ya watu wa mbali, hakuna mtu hapa Arua anayeyajua, basi Romano akatunga mwenyewe, akawaambia wateja kwamba huyu mtu alikimbia vita akapotea katika nchi isiyo na maji wala kivuli, na hii roboti imetumwa imrudishe kwao, na watu wakaamini, mpaka leo wanaelezana hivyohivyo, na mimi nilijua anasema habari zetu, mwaka wa themanini, mama yangu na mimi tukitoka Lobule tukavuka kwenda Zaire na godoro kichwani, na kule kambini kijana mmoja Mlugbara kwenye foleni ya maji akaniambia, "Dada, hii jerikeni ya wewe natoboka," mimi Mkakwa, sikujua lugha yake na yeye hakujua yangu, Kiswahili cha kambi ndicho kilichotuoza... nilichagua roboti kwa sababu niliogopa vile vijiti, nilimwambia Romano, wewe uwe mtu, mimi siwezi kucheza huku nahesabiwa pumzi, akacheka, akasema, "Sawa, wewe iko chuma," na kila asubuhi kabla ya wateja tulicheza tukiwa tunaijaribu mashine, yeye akikimbia mbele ovyo na mimi nikimfuata na hewa... Mungu alimpulizia Adamu pumzi puani, hiyo nimewafundisha watoto wa ubatizo kila mwaka, roboti hakuna aliyeipulizia, lakini hewa ya mwenzake imo kifuani mwake, nilitaka kumwuliza padre jambo hilo nikaona haya, "Mimi hapana kuja kwa nguvu, shemeji," anasema Adrabo taratibu, anaangalia magoti yake, "wazee nasema. Mimi nasema, tuulize yeye kwanza." "Na Santa anasema nini?" "Santa..." anakuna shingo, "Santa nasema basi wewe kuja, wewe najua kupika mbuzi, yeye naunguza," na tunacheka wote wawili, kidogo, na kicheko chake kinaishia puani kama cha kaka yake, Bwana wangu, mbona umeacha kicheko hiki kwa mtu mwingine... Adrabo si mtu mbaya, ndiye aliyechimba kaburi na hakumpa mtu mwingine jembe, na mimi nimechoka, sitasema uongo, nimechoka kupika chungu kidogo, nimechoka kukohoa usiku na kusikia nyumba haiulizi kitu, na kishikio kiko pale, "Adrabo!" anaita Onzima, "shika hiyo kitu bwana, haiume! Tembeza huyo mutu, sisi naona mbele iko nini!" na mkono wa Adrabo unaondoka gotini, unakuja polepole juu ya benchi, kidole gumba kimepinda nje vilevile kama cha Romano, unafika karibu na waya, unasimama, ananitazama, anangoja niseme... angekishika tu, mtu angetembea, picha ingesogea, ningeona ng'ambo ya ule mlima mwekundu ambako sijafika tangu Aprili, ni jambo dogo, vidole viwili tu... hewa, hewa inaisha, kimbia, kitufe chekundu, haya, pumua, na taa yangu inafifia, na jua la mle limeshagusa mlima, sitajaa tena kabla ya giza, na namwona Romano kitandani, sitaki kumwona lakini namwona, nimeshika kijiko cha uji wa mtama na mkono wangu mwingine uko chini ya kidevu chake, anageuza uso ukutani, anasema, "Paska, tosha," na mimi nasema kidogo tu, baba, kidogo, kijiko kinagonga meno, uji unateremka shingoni, na yeye anasema tena, bila hasira, "Tosha, mama," na mimi nachota tena... nilikuwa namlisha nani? Yeye alikuwa ameshamaliza, mimi ndiye niliyekuwa na njaa ya kumlisha, na leo nafanya yaleyale, namsimamisha mchangani, namjaza, namjaza, kusudi asianguke, kusudi wazee wa Omugo wakituma mtu niseme kama nilivyosema mara zote, nyumba haina nafasi, mwenyewe bado yumo... nimemfanya marehemu bawabu wangu, nimemweka mlangoni awafukuze watu kwa niaba yangu, na yeye amechoka, aliomba aachwe, na mimi nimejificha nyuma ya nguo yake nyeupe, lakini siye Romano asiyetaka, ni mimi, mimi Paska sitaki kurithiwa, ni neno langu, hata kama Romano asingekuwepo duniani lingekuwa langu, na Adrabo anastahili kulisikia likitoka kinywani mwangu mimi, si kutoka kaburini, na wabebe televisheni, wabebe jenereta, Lobule kuna shamba na mama bado yu hai, bado anautazama mlango akiningoja, nitaenda... "Shemeji?" "Naam, Adrabo. Nitakuambia sasa hivi. Ngoja huyu apumzike," na Onzima anatafuna karanga nyuma, na jenereta inanguruma nje kama ilivyokuwa, na mkono wa Adrabo bado umesimama karibu na waya, na nimeketi vilevile kishikio changu mapajani, ila kidole nimekiondoa kwenye kitufe chekundu, nimekilaza juu ya kidole kingine, na roboti iko kando yake, haimkimbilii, imesimama naye tu, vijiti vinapungua, vitatu, viwili, na kidole changu hakirudi kwenye kitufe... Ee Bwana, huyu ni Romano wako, uliyempulizia pumzi na uliyeitwaa, mpokee, msafishe vumbi la njia zote alizokimbia, mpe pa kukaa ambapo hatafukuzwa, asione kiu wala kikohozi tena, uso wako uwe mchana wake, na mimi niliyemshika, unifungue mikono, apumzike, Bwana, apumzike, amina.