Nenda Nyumbani, Urudi Saa Kumi

Mtaa mzima ulimwita Saa Kumi, na yeye alijifanya hajui. Alipopita na rungu lake kwapani watu walimwamkia, "Shikamoo, afande," na akishakata kona tu wakaambiana, "Saa Kumi huyo, kapita." Jina hilo hakupewa bure. Katika miaka yake ishirini na saba ya upolisi alikuwa na mtindo mmoja uliowaudhi wakubwa wake na kuwachekesha wenzake. Akikukamata kwa kosa dogo, hakukutia pingu wala kukuburuta njiani watoto wakikushangilia. Alikuuliza kwanza kama umeacha chungu motoni, kama mlango umefungwa, kama mtoto ana wa kumwangalia. Kisha akaitazama saa yake ya mkononi na kusema, "Nenda nyumbani kapange mambo yako. Saa kumi kamili nikukute kaunta."

Na watu walikwenda, wakapanga mambo yao, wakajileta. Wenzake kituoni walimtania kila siku kwa methali ileile: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Yeye aliendelea kuandika kwenye kitabu cha matukio, uso chini. "Kumi wangu huja wenyewe," alijibu.

Sasa ulikuwa umetimia mwaka mmoja tangu afariki. Mazishi yake yalipita mbiombio, mvua ikinyesha tangu asubuhi, na wasifu uliosomwa kaburini ulikuwa wa ofisini: namba, tarehe, vituo. Mama hakuridhika. Alitaka mumewe akumbukwe nyumbani kwake, kwa maneno ya watoto wake, na kazi ya kuandika ikamwangukia binti wa mwisho. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na katika ukoo ule kila karatasi inayohitaji kalamu humfuata mwalimu hata akijificha.

Siku yenyewe ilipofika, Mwalimu alikuwa mezani sebuleni tangu asubuhi, chai imepoa pembeni. Mwanzo ulikwenda vizuri. Aliandika kuhusu miaka tisa ya jeshini, baba yake akiwa kijana katika kikosi cha wajenzi wa madaraja. Huko ndiko alikojifunzia saa. Daraja lilifungwa mtoni kwa muda maalumu na kufumuliwa kwa muda maalumu. Aliyechelewa alibaki ng'ambo na adui, na aliyewahi alisimama peupe akingoja risasi. Ndiyo maana maisha yake yote mzee alimkaripia anayewahi sawasawa na anayechelewa. Mchumba wa kaka mkubwa alifika kujitambulisha nusu saa kabla ya wakati, akaambiwa kwa heshima zote akazunguke kidogo kisha arudi.

Aliandika pia jinsi nyumba ilivyoendeshwa kama kambi. Kila asubuhi kulikuwa na gwaride la masikio, watoto wamepanga mstari, baba anachungulia sikio moja baada ya jingine kama anayetafuta silaha. Kaka mkubwa aliwahi kuwekwa mahabusu jikoni dakika kumi, kosa lake likiwa ni kutoa taarifa za uongo kuhusu sukari. Wageni walivua viatu mlangoni, na wakati wa kuondoka walivikuta vinang'aa, maana mzee hakuweza kupita viatu vichafu akavumilia. Mwalimu alicheka peke yake akiandika. Alimpenda baba yake, na alimkumbuka mno.

Kisha kalamu ikagoma. Mwaka wa kumi na mbili wa upolisi: alipandishwa cheo, akawa sajenti, V tatu mkononi. Mwaka wa ishirini na saba: alistaafu akiwa koplo, V mbili. Hata mtoto wa darasa la pili angeuliza imekuwaje mtu apande ngazi, kisha aonekane chini tena.

Kaka mkubwa aliingia akiwa anahema. Yeye ni dereva wa lori na siku hiyo alikuwa amepakia viti badala ya saruji.

"Kaka, hapa niandikeje?" Mwalimu aliuliza, akamwonyesha kwa kidole.

Kaka akasoma, akajikuna shingo. "Andika 'askari polisi' basi. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na wanaojua je?"

"Wanaojua watanyamaza. Wasiojua watakula na kwenda zao."

Tatizo lilikuwa hao wanaojua, au wanaojidai kujua. Miaka ile V ilipovuliwa, mtaani palisemwa kwamba Saa Kumi amekula rushwa, akamwachia mwizi. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja. Shuleni Mwalimu aliitwa "mtoto wa kitu kidogo" mpaka alipohamia darasa la juu. Mzee mwenyewe hakujitetea hata siku moja. Sasa bintiye alitaka kusimama mbele za watu amtaje baba yake mwanzo hadi mwisho, bila kuruka mstari na bila kudanganya, na hakujua kama jambo hilo linawezekana.

Mama alipopita na vikombe, Mwalimu akajipa moyo. "Mama, ile V baba alivuliwa kwa sababu gani?"

Mama alisimama. Vikombe viligongana kidogo kwenye sinia. "Alisema mambo ya kazi yabaki kazini," alijibu. "Basi yakabaki." Akaingia chumbani na kufunga mlango.

Nje kulikuwa na mzozo mwingine. Kaka alikuwa amepanga viti mia moja na hamsini uani. Mwalimu alikuwa amesema thelathini vinatosha, tena vingine vitabaki.

"Nani anatoka kwake kwenda kumkumbuka polisi?" alimuuliza.

"Watakuja. Nimewapelekea kadi. Nimeandika saa kumi kamili."

"Kadi ya saa kumi watu huja saa kumi na mbili, kaka."

Ilipofika saa tisa hapakuwa na mtu. Saa tisa na nusu alikuja paka wa jirani, akachagua kiti cha mstari wa mbele, akalala. Saa kumi kasoro dakika kumi mama alitoka amevaa vizuri, akaviangalia viti vyote vile vitupu. Alimwondoa paka, akakaa yeye. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na viti vyote.

Kaka alishindwa kuvumilia, akaenda getini kuchungulia. Alikaa huko kidogo, kisha akarudi anatembea kinyumenyume, mkono mdomoni.

"Wako nje," alisema.

"Nani?"

"Wote! Wamejipanga ukutani mpaka kwa muuza mkaa. Nimewauliza mnangoja nini, wakaniambia bado dakika nne."

Ikawa kweli. Walikuwa wamesimama pale na nguo zao nzuri, wazee kwa vijana, wanatazama saa na simu zao, na mmoja aliyejaribu kusogea alivutwa shati na mwenzake. Saa kumi ilipogonga waliingia kwa mkupuo, na kabla dakika mbili hazijapita viti vilikuwa vimekwisha na watu wanakalia ndoo. Mwalimu alicheka huku machozi yanamtoka. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kuwahi, wala hakuna aliyethubutu kuchelewa, na mwenye saa yuko kaburini mwaka mzima.

Walipokaa, bila kuambiwa na mtu, walianza kujitambulisha kama walivyozoea kujitambulisha kaunta: kwa makosa yao.

"Mimi, ulevi na kuimba usiku," alisema mzee mmoja mnyoofu kabisa, sasa ni kinyozi.

"Mimi, mbuzi wangu alikula maua ya ofisi ya mkuu."

"Mimi, kupigana hadharani. Na huyu hapa ndiye niliyepigana naye. Shemeji yangu."

"Ulinianza wewe!"

"Afande alishaamua, wewe kaa chini!"

Kicheko kilitanda uani. Kila mmoja alisema alivyopewa saa ya kurudi, na kila mmoja alidai kwamba yeye ndiye aliyefika kamili kuliko wote.

Zamu ya Mwalimu ikafika. Alisimama na karatasi zake. Alisoma ya jeshini, watu wakatikisa vichwa. Alisoma gwaride la masikio, na wanaume wazima wakajishika masikio yao. Kisha akafika kwenye mwaka wa kumi na mbili. Alimtazama kaka, na kaka akatazama viatu vyake. Basi akafanya kama alivyoshauriwa.

"Alitumikia jeshi la polisi kwa miaka ishirini na saba," alisoma, "akastaafu kwa heshima."

"Mwalimu," sauti ilitoka nyuma. "Umeruka."

Aliyesema alikuwa fundi baiskeli wa mtaa wa pili, mtu mkimya wa miaka hamsini hivi, mikono ina grisi isiyotoka hata kwa sabuni. Alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mimi sikujitambulisha," alisema. "Kosa langu, pampu ya maji. Ilipotea kwa bwana mmoja, nikasingiziwa mimi. Nilikuwa kijana, mke wangu ana siku mbili tangu ajifungue. Afande akanikuta nyumbani. Akamtazama mtoto, akatazama saa. Akaniambia nipange mambo yangu, saa kumi nimkute kaunta." Alizungusha kofia mkononi. "Sikwenda. Niliogopa. Nikapanda lori na mke na kichanga, nikakimbia. Wakubwa wake wakamwambia mtuhumiwa ametoroka mikononi mwake, wakamvua V moja. Na ile pampu, baada ya miezi mitatu ilionekana stoo kwa mpwa wa yule bwana. Aliiazima bila kuaga."

Fundi alisogea hatua moja mbele, akaendelea.

"Niliporudi mjini nikawa napita njia za nyuma nisikutane naye. Siku moja akanijia mwenyewe kibandani, anasukuma baiskeli. Akanitazama, akasema, 'Ziba pancha.' Nikaziba. Akasema asante, akaenda zake. Mtaani nikasikia mnavyomsema, eti rushwa. Nikanyamaza miaka yote hiyo. Hilo ndilo kosa langu, sio pampu. Nimekuja kujileta."

Watu walianza kunong'ona, na kaka mkubwa alikuwa amekwisha kusimama, kifua mbele, ndita usoni. Alitanguliwa na muuza mboga, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, ambaye hakuona sababu ya kusimama ndipo asikike.

"Kaa, ndugu yangu. Na mimi sijamaliza. Mimi nilikamatwa wiki hiyohiyo aliyovuliwa. Nilipanga mboga barabarani. Nikamwambia, afande, nina mtoto ananyonya. Akajitazama mkono, pale V ilipokuwa. Nyuzi bado zinaning'inia jamani, nimeziona kwa macho yangu. Nikajua leo ndio nalala ndani. Akaniambia, 'Nenda nyumbani kapange mambo yako. Saa kumi kamili.' Wiki hiyohiyo! Mimi kwa kuogopa nikafika saa tisa na nusu. Akanifukuza! Akasema saa yake haijafika, nirudi nikanyonyeshe tena."

Kicheko kililipuka, kikubwa kuliko vyote, na ndani yake watu walikuwa wanajifuta macho. Fundi baiskeli aliketi juu ya ndoo yake, akaficha uso kwa kofia. Mashemeji wawili wale waliopigana walimpigapiga mgongoni, mmoja kila upande. Mwalimu alisimama na karatasi zake, akahisi kifua chake kimekuwa chepesi baada ya miaka mingi sana. Baba yake hakula kitu cha mtu. Alimwamini mtu mmoja vibaya, akalipia, akamwamini wa pili.

Alipogeuka kumtafuta mama, alimwona hacheki.

Mama alinyanyuka polepole, na ua ukatulia wenyewe. "Zile nyuzi," alisema, "niliziacha mimi."

Hakuna aliyeelewa, basi akaeleza. "Shati nililifumua mimi. Alikuja nalo jioni, akaniomba niondoe V moja. Sikumuuliza kwa nini. Nilishasikia sokoni eti kala rushwa, nikaamini. Nilikuwa na hasira, nikaibandua kwa nguvu, nikamrudishia hivyohivyo na nyuzi zake. Fundi wa kushona mimi! Alilivaa hivyo wiki nzima. Hakuniambia nikate." Sauti ilimpotea, akaitafuta, akaipata. "Alijua kwamba naamini. Miaka yote nimekaa naye, nampikia, nampenda, na neno hilo liko hapa kifuani kama mfupa. Niliogopa kuuliza, nisije nikajibiwa. Mnisamehe. Ningemwambia yeye, lakini ndiyo hivyo, nimechelewa."

Mwalimu alimwendea, akamshika. Mama hakutaka kushikwa sana. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akainyoshea kidole karatasi.

"Ule mstari ulioruka, uandike. Hapa hapa, tukuone."

Mwalimu alichukua kalamu, akaandika juu ya goti lake, watu wote mia na kitu wakingoja: alikuwa sajenti, akavuliwa V moja kwa kumwamini mtu, na hakuacha kuamini. Akausoma kwa sauti. Fundi baiskeli aliitikia, "Ndivyo."

"Ongeza," mama alisema. "Kwamba wa mwisho kujua alikuwa mke wake."

"Mama, hilo si lazima."

"Andika."

Akaandika. Mama aliinama, akasoma neno kwa neno mpaka akaridhika. Kisha akaweka mkono juu ya ile karatasi, akaushikilia hapo kwa muda, na kitu fulani usoni mwake kikalegea.

"Na andika kwamba alikuwa anakoroma," alisema. "Wasije wakadhani nilifunga ndoa na malaika."