Vipande Viwili vya Karafuu Maiti

Bi Najat aliapa kwamba aliona kwa macho yake mwenyewe. Siku ya kumwosha marehemu Hafidha, ati, vipande viwili vya karafuu maiti, ile kafuri ya kuoshea, vilibaki juu ya maji ya mwisho, vikaanza kuzunguka bila mtu kuyagusa maji. Kimoja kinamfuata mwenzake, mwenzake anakimbia. "Wallahi, kama mtu anayekataa kushikwa mkono! Yule mwanamke kaondoka na kinyongo."

Maneno yalitoka bombani, yakapita mtaa wote wa Elerai, yakafika kwa Mzee Shabani, mume wa marehemu. Hafidha alikata roho mzee akiwa mbali, Maji ya Chai, anauza mitumba, biashara aliyoikimbilia kiwanda kilipompunguza kazini na biashara zilipokuwa ruksa. Tangu asikie habari ya Najat, mzee hakulala tena chumbani. Alitandika mkeka sebuleni, kama mgeni anayeogopa kusumbua.

Nusura, msichana wa mtaani aliyesaidia kuosha, aliyajua yale maji. Ndiye aliyetwanga karafuu maiti, na vile vipande viwili viliuponyoka mchi wake. Alasiri moja alimwendea mzee na bakuli, na fundo dogo kwenye pindo la kanga. Najat, asiyepitwa na jambo, akafuata nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni chakula, sina hamu."

"Si chakula. Tazama tu."

Akajaza maji, akafungua fundo, akadondosha kipande cha karafuu maiti. Kikaelea kimya, hakikutikisika.

"Si nilisema!" Najat akapiga makofi. "Hakichezi bila mwenyewe!"

Nusura akaliinamia bakuli. Lilinuka mafuta ya mchuzi. Akaenda uani, akalisugua kwa jivu, akasuuza, akasuuza tena. Safari hii kipande kilipogusa maji kilianza kuzunguka chenyewe, taratibu, upande uleule, kwa adabu zake.

"Leo hajaoshwa mtu humu," alisema Nusura. "Ndiyo tabia yake, baba. Kinayeyuka, na kule kuyeyuka ndiko kunakokisukuma. Maji yakiwa na mafuta, hakisogei."

Akatia cha pili. Hapo adabu ikaisha. Vikakaribiana, vikasukumana, kimoja kikageuza mzunguko, kingine kikakimbilia ukingoni, kikarudi mbio. Mzee kila alipodhani ameujua mwendo wa vipande, vilimdanganya.

Akainama mpaka kofia ikamdondoka. "Sasa huyu anamkimbia mwenzake, au anamfuata?"

"Sijui, baba. Nimevitazama sana kule nyumbani. Sijawahi kupatia."

Mzee akacheka, cheko la kwanza tangu msiba. "Hafidha huyo! Nikimwambia twende kijijini Akheri kwa kaka zake, anataka kubaki. Nikivua viatu nibaki naye, kashajitanda kanga, yuko mlangoni ananiita mzembe."

"Na ulikuwa unamfuata?" Najat aliuliza, sauti imeshuka.

"Nani alimfuata nani, shemeji, hata mimi sijui."

Najat akavuta kigoda, akakaa. Vipande vilizidi kupungua, bado vikitafutana na kukwepana. Mzee alijifuta macho kwa mkono wa kanzu.

"Nusura, mwanangu. Hiyo iliyobaki kwenye fundo, niachie."

Karafuu ile ilikuwa akiba ya maiti ajaye. Haipewi aliye hai, isije ikawa kumwitia kifo. Najat aliguna. Nusura akalishika fundo, akalilegeza kidogo, akalishika tena, macho yake bado majini.