Mjomba Anga Juu ya Mabati

Cheche alikuwa amelala chali kwenye chumba chenye pazia zito, bandeji imemzunguka kichwa kama kilemba kilichoteleza hadi puani. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Chembe ya moto ilikuwa imemrukia jichoni. Kwenye zahanati wakamtibu, wakamfunga macho yote mawili, wakampa siku ya kurudi kufunguliwa, nayo ilikuwa jana. Jana ilipita, na leo nayo ilikuwa inayoyoma.

"Wifi, jaribu wewe," mkewe alimwambia dada yake Cheche mlangoni. "Mimi nimesema mpaka mate yamenikauka. Muuguzi kasema bandeji ikizidi kukaa jicho litatunga usaha."

Dada mtu alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi na mama wa watoto watatu, na kubembeleza hakukuwa kwenye damu yake. Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Unaogopa nini?"

"Nikiwa nimefungwa sijawa kipofu," kaka yake akajibu. "Nimefungwa tu. Niache hivyo hivyo."

Dada akazungusha macho chumbani, akaliona juu ya kabati boksi la vitabu vya katuni walivyogombania utotoni. Baba yao alikuwa akisafisha vyumba vya hoteli, na vitabu walivyoviacha wageni alivikunja akavileta nyumbani. Viliandikwa kwa lugha ya kigeni ambayo mle ndani hakuna aliyeijua. Cheche, kwa kuwa ndiye mkubwa, alikuwa "akisoma", na mdogo wake akimeza kila neno.

"Nikusomee?"

"Nisomee kile cha Mjomba Anga."

Akakifungua. Karatasi zilikuwa laini kama shuka lililofuliwa miaka, na rangi zikampanda taratibu: samawati ya usiku, zambarau ya joho refu, mabati ya jiji yaking'aa huko chini kama magamba ya samaki. Chumba kikalegea. Ilikuwa kama godoro limeinuka kidogo kutoka kitandani, na sauti ya kaka yake, ile nyembamba ya kabla hajabaleghe, ikawa inapita juu ya mapaa pamoja na Mjomba Anga, shujaa wao. Nyuma yao, katika nguo za njano, alikuja adui yake, Meno, akitabasamu. Jinsi walivyomchukia Meno, walikuwa wakimkwaruza uso kwa kucha.

Kisha macho yake yakashuka kwenye maneno. Lugha ile alikuja kuisomea chuoni. Akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Mbona kimya?"

"Kaka, Mjomba Anga ni jambazi."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe. Hapa juu ya mabati, kambeba yule mtoto. Anasema baba yake asipotoa funguo za jiji, anamwachia aanguke. Meno ndiye anakuja kumwokoa."

Lilimjia wazo la kudanganya, ila ulimi wake haukuwahi kujifunza njia hiyo.

"Umesoma vibaya," Cheche akasema.

"Nina diploma mimi."

"Ya kuhesabu makopo."

"Makopo yana maandishi, kaka."

Cheche akacheka kwa pua, akajiinua kwa kiwiko. "Achana na maneno. Tazama picha. Kuna upepo, si ndiyo? Mkono wake wa kushoto umevuta joho. Anamfunika mtoto."

"Anamkaba."

"Anamfunika. Mtoto mwenyewe halii."

Dada akakisogeza kitabu kwenye mwanya wa pazia. Wino ulikuwa umefifia, na mkono na joho vilikuwa vimeingiliana kama moshi. "Mimi naona anamkaba. Hutaki, katazame mwenyewe."

Pazia likavuta pumzi, likaitoa. Vidole vya Cheche vikapapasa mpaka vikaupata ukingo wa karatasi, vikatulia hapo.

"Kwa hiyo nikibaki hivi, wewe ndiye utakuwa unanisimulia?"

"Mimi au mkeo. Na mimi nasema ninachokiona."

"Mungu anisaidie," akasema. "Viatu vyangu viko wapi?"

Kwenye zahanati, muuguzi alikata ncha ya bandeji, akaanza kuifungua bila haraka, mzunguko baada ya mzunguko. Kitabu kilikuwa kimefunguliwa mapajani pa Cheche. Mkewe aliangalia ukutani. Dada alimwangalia kaka yake. Kope zilikuwa zimegandana. Muuguzi akazilowanisha kwa pamba, zikaachana.

Cheche akainamisha kichwa, akakileta kitabu karibu, kisha mbali, kisha karibu tena. Machozi yalikuwa yakimtiririka kwa sababu ya mwanga. Halafu kidole chake kikaondoka kwenye pindo la joho, kikapanda polepole, kikasimama barabara kwenye shavu la mtoto.

"Anamfunika," akasema. "Usinibishie tena."

Dada mtu hakubisha.