Ndege ya Ng'ombe Wawili

Onesmo alirudi kutoka kiwanja cha ndege cha mgodi wa almasi, kule karibu na Songwa, akijiita injinia. Injinia wa ndege, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kufukuza mbuzi ndege ikitaka kutua, na siku akipendwa anashikishwa ndoo ya mafuta Mzungu akifanya kazi. Ilikuwa mwaka 1953, pamba imekubali, watu wameshiba na wana nafasi ya kusikiliza upuuzi, basi wakamsikiliza. Mimi nilimtazama viatu tu. Kimoja hakikuwa na kamba.

Balaa ni kwamba alimtaka binti yangu Zipora. Balaa kubwa zaidi, Zipora naye alimtaka.

Mume wangu Bujiku alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, wa chama cha Wagalu. Kila baada ya mavuno walishindana na chama cha Wagika, ambacho manju wake alikuwa Mageni: ngoma mbili uwanja mmoja, wakati uleule, na watazamaji wanakimbilia inayowavutia. Jua likizama, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi, basi. Msimu uliopita Mageni alituachia shangazi zetu na mbwa mmoja. Tangu hapo Bujiku hakulala vizuri, na Onesmo akanusa hilo. Akaja kuchuchumaa uani kwa adabu ya kuazima.

"Shikamoo baba. Nitakuundia ndege. Itapaa pale uwanjani na watu wote watakuja kwako."

"Marahaba. Ikiwaleta watu," Bujiku akasema, "Zipora ni wako."

Nilikuwa nasonga ugali. Nilicheka mpaka moshi ukanipalia.

Akaunda. Fito kwa kamba za katani, na mabawa akayawamba ngozi mbichi ya ng'ombe kama mtu anayewamba ngoma. "Ikikauka itakaza," alisema, "ndivyo mainjinia tunavyofanya." Tunavyofanya, yeye na nani? Ilikauka, ikakaza kweli, ikazivuta zile fito mpaka mabawa yakasimama juu kama masikio ya punda. Nikamuuliza ndiyo nini hiyo. Akanijibu kwamba sisi wa jembe hatuwezi kuelewa. Na kwa vile injini hakuwa nayo, akaazima ng'ombe wa Bujiku wa kulimia. Wataikokota mbio, wakishika kasi atakata kamba, atapaa. Mwanamume mzima alisema hayo bila kucheka.

Siku ikafika. Mageni akatoka na chatu shingoni, na watu wote wakamwendea. Upande wetu, shangazi walewale. Onesmo akaingia ndani ya kile kituko amevaa kofia ya sufu juani, kisu mkononi. Ng'ombe wakachapwa, wakatoka mbio, nami nikaanza kufurahi, kwa sababu nilikwisha kuona asichokiona injinia. Wale ng'ombe maisha yao yote walijua plau tu. Uwanja ulipokaribia kuisha wakageuka wenyewe, kama wanavyogeuka kila siku mwisho wa tuta.

Hakukata kamba. Alikuwa amefumba macho. Ndege ikageuka nao, bawa likazoa ngoma za Mageni, chatu akashika njia yake. Ng'ombe wakarudi, wakageuka tena, wakaulima uwanja kwa mkia wa ndege, na injinia ndani anamwita mama yake. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Wakaja wote mbio upande wetu ili waone vizuri, na wakabaki wakidai arudie. Jua lilizama Mageni akiwa peke yake vichakani, anatafuta chatu.

Nilikuwa sijaelewa nilichokuwa nakichekelea.

Onesmo akatambaa nje, kipande cha ngozi shingoni. "Hesabu zangu zilikuwa hizohizo tangu mwanzo," akasema. Bujiku akamkumbatia. Zipora akampangusa vumbi usoni mbele za watu.

Nilimwendea. Nilikuwa na maneno niliyoyaweka tangu siku ya viatu, na nilitaka kumpa yote. Bujiku akanishika mkono.

"Mama Zipora. Huyo ni mkweo sasa."

Na kwetu mama mkwe hamtukani mkwewe, wala hasimami naye uso kwa uso. Akikutana naye njiani, humpisha. Mimi Mbuke, mwenye mdomo huu.

Asubuhi yake nilikuwa natoka kisimani na mtungi. Akatokea mbele yangu, viatu vilevile, kimoja bado hakina kamba, akasimama kungoja. Nikaingia kwenye majani, nikainamisha uso, injinia akapita.